Nyayo za Bahasha

Jumatatu, 2 Machi

Nimeamka. Kisigino cha kulia kimeniwahi kuamka. Hatua ya kwanza kutoka kitandani ni kama kukanyaga msumari, ya pili ni kama kukanyaga ndugu zake. Ya kumi inavumilika. Nimefika bafuni kwa kushika ukuta na kujiambia kwamba haya ni mazoezi.

Daftari hili nalianza leo kwa sababu maalumu. Jumapili ya tarehe 29 mimi na mke wangu tunatimiza miaka thelathini na moja ya ndoa. Jana, huku akimenya kitunguu, alisema hataki zawadi yoyote. Anataka kitu kimoja tu: tupande wote wawili kilimani mpaka kwenye tangi la maji, tukakae kwenye lile benchi. Pale ndipo nilipomchumbia. Yaani nilianza kumchumbia, nikakwama katikati ya sentensi, akaimalizia yeye.

Nikamjibu kwamba hilo dogo. Kisha nikatoka uani, nikakishika kisigino kwa mikono miwili.

Sijapanda kile kilima miaka miwili. Kazi yangu ni kukata suti. Miaka ishirini na sita nimesimama kwenye meza ya kukatia, chaki mkononi, futi shingoni. Meza ni nzuri sana. Sakafu ni saruji.

Mke wangu alistaafu ualimu mwaka juzi, na tangu hapo huenda kutembea kila asubuhi. Mimi simo. Anakwenda na jirani yetu, mpeleka barua mstaafu, ambaye mtaa mzima unamwita Bahasha. Miaka arobaini amezunguka na mkoba begani. Nawachungulia dirishani wakiondoka. Mtu yule hakanyagi, anagusa tu. Vidole kwanza, taratibu, kama anapita chumba ambacho mtoto amelala. Hiyo ndiyo miguu.

Akirudi, mke wangu hunisimulia wakati anachemsha chai. Kutoka kule juu paa letu linaonekana dogo kama kifungo cha shati. Mzambarau ulio kando ya tangi umechanua. Paka wawili wamegombana juu ya paa la fundi baiskeli mpaka mmoja akateleza. Mimi hufumba macho nikimsikiliza, nikawa napanda naye, upepo unaingia kwenye mikono ya shati. Nikifumbua, chai imepoa na kisigino kipo palepale.

Nimeamua. Nitapanda. Namna ya kupanda nitaitafuta.

Jumanne, 3 Machi

Mpiga pasi wetu kazini ndiye aliyenielekeza kwa daktari wa miguu. Daktari mwenyewe ni binti, umri wa kuwa mwanangu. Alinikunjisha suruali akaniambia nitembee kwenye korido, niende nirudi, huku yeye amechuchumaa nyuma yangu. Katika maisha yangu yote hakuna aliyewahi kuitazama miguu yangu kutoka nyuma. Nilijisikia kama ng'ombe anayeuzwa.

Akasema tao la chini ya unyayo limelala. Kwa kuwa limelala, ule mshipi wa ndani unaotoka kisiginoni kwenda kwenye vidole unavutwa kila nikikanyaga, na pale unapojishikiza ndipo panapouma. Dawa ni soli za ndani za kutumbukiza kwenye viatu. Si zile za dukani ambazo kila mtu anavaa. Zinatengenezwa kwa mguu wa mtu mmoja, zinalinyanyua lile tao, zinaugawa uzito. Na mtu hazivai kutwa nzima siku ya kwanza. Saa moja, kesho yake mbili, hivyo hivyo mpaka mguu uzoee. Akarudia: saa moja, mzee wangu.

Kisha akatoa boksi bapa. Ndani mna sponji mbili ngumu, za aina ile wauza maua wanayochomekea vikonyo. Ukibonyeza hairudi. Unakanyaga ukiwa umekaa, mtu anakusukuma goti kwenda chini, alama ya unyayo inabaki, na soli inatengenezwa kufuata alama hiyo.

Hapohapo wazo likanijia. Bado changa, lakini zuri. Nikamwomba boksi nikalitumie nyumbani. Akauliza kwa nini. Nikasema mimi ni mtu wa haya, siwezi kushikwa goti na mwanamke asiye mke wangu. Alicheka, lakini akanipa, akanieleza mara mbili mke wangu afanye nini. Ila uwe unyayo wako mwenyewe, akasema. Nikamwambia, sasa utakuwa wa nani.

Jumapili ya tarehe 29 naiona kabisa. Nimevaa kijivu. Napanda na kilima kinajishusha kidogo kunipokea.

Alhamisi, 5 Machi

Wazo limeiva. Nitaliandika polepole ili lisiharibike.

Leo alikuja mteja mwenye bega moja lililoshuka. Je, nilimkatia koti lenye bega lililoshuka? Hata siku moja. Nilitumia kiolezo cha mtu aliyenyooka, ile karatasi ngumu ya kukatia niliyoichora mwaka wangu wa kwanza kazini, nikamwekea pedi ya bega pale palipopungua. Atatoka dukani amenyooka. Koti ndilo linalomfundisha mtu kusimama. Miaka ishirini na sita nafanya hivyo na hakuna aliyerudisha.

Sasa turudi kwenye miguu. Wakichukua unyayo wangu mbovu wakautengenezea soli, watapata nini? Soli mbovu. Nitakuwa na wagonjwa wawili ndani ya kiatu kimoja. Kinachotakiwa ni kiolezo cha mguu mzima, mguu ambao haujawahi kuuma. Soli hiyo itaukalisha mguu wangu chini na kuufundisha adabu. Nashangaa madaktari hawajaliona hili. Pengine hawajawahi kukata suti.

Nilimdokezea mpiga pasi nusu ya nadharia. Akauliza kama nimeshawahi kumpima mtu suruali nikamvalisha mwingine. Nikamwambia aangalie pasi yake isiunguze kola za watu.

Kisha nikaanza kuota nimesimama. Benchi, upepo, kichwa cha mke wangu begani kwangu. Nilipozinduka mkasi ulikuwa umeshafika mwisho wa kitambaa. Nimekata mikono miwili ya koti, yote ya kushoto. Kitambaa kizuri cha kijivu. Tajiri, mwenye duka letu, aliitazama mikono ile, akanitazama mimi, akasema kitambaa kilichobaki ni halali yangu, ila atakikata kwenye mshahara. Alitoka bila kufunga mlango.

Jumamosi, 7 Machi

Imekwenda vizuri kupita matarajio.

Nilimkuta Bahasha barazani kwake, miguu ndani ya beseni la maji ya moto yenye chumvi. Kumbe hufanya hivyo kila siku. Watu wenye miguu mizuri huitunza, na hilo nimeliandika makusudi ili nilikumbuke.

Nikamvika kilemba cha ukoka. Nikamwambia nimeguswa sana na jinsi anavyomsindikiza shemeji yake kila asubuhi, hivyo nataka kumshonea suruali. Na siku hizi hatuanzii kiunoni, tunaanzia kwenye unyayo, kwa sababu mwanguko wa kitambaa unategemea mtu anavyokanyaga. Akauliza kama hata mawaziri wanapimwa hivyo. Nikasema mawaziri hawataki kupimwa kwa njia nyingine.

Akaikausha miguu kwa heshima kubwa. Nikamkalisha, nikaweka boksi, nikamsukuma goti. Uso ukamkunjamana kidogo. Nikamwambia ni ubaridi wa sponji. Alama ikatoka, tao limenyanyuka juu kama la daraja. Nilitamani nilifunike boksi kwa kitambaa lisipate baridi.

Nilipoinua kichwa, mke wangu alikuwa upande wa pili wa ua anaanika mashuka. Akauliza tunafanya nini. Nikasema vipimo. Akalitazama boksi, akanitazama mimi, akaendelea kuanika.

Jumatatu, 9 Machi

Nimepeleka boksi. Daktari alilipeleka dirishani kwenye mwanga, akaligeuza huku na huku. Kisha akasema pole sana, mzee wangu. Akasema mguu huu umeteseka kuliko alivyodhani. Kwamba kisigino kimesusa kazi na vidole ndivyo vinabeba kila kitu. Kwamba mtu mwenye mguu huu hutembea kwa kugusagusa, si kwa wepesi bali kwa maumivu.

Nilijizuia kucheka. Bado mtoto, shule haijamtoka kichwani.

Akaongeza kwamba Jumanne aliona tao lililolala, leo anaona lililonyanyuka sana. Alitaka tukanyage upya palepale. Nikamwambia miguu yangu hubadilika kulingana na siku, na dukani kuna mteja ananisubiri amevaa mkono mmoja wa koti. Akashusha pumzi. Akasema haya, baada ya siku tisa.

Bahasha ameshaniuliza suruali mara mbili. Sikuwa na jinsi. Nimekata kile kijivu.

Jumatano, 18 Machi

Zimefika! Rangi ya bluu, laini pembeni, ngumu katikati, na kisiginoni pana kikombe kidogo kama cha kuwekea yai. Nimeziweka mezani nikazitazama mpaka chakula kikapoa. Mke wangu alisema ni nzuri. Alizigeuza, akapitisha kidole kwenye lile tao, akauliza kama kweli mguu wangu uko hivi. Nikamwambia utakuwa.

Suruali ya Bahasha nayo imekwisha na tangu jana anaivaa. Imemkaa vizuri mno. Mke wangu amesema mwanguko wake ni wa kupendeza. Miaka thelathini na moja hajawahi kusema neno mwanguko.

Haidhuru. Siku kumi na moja zimebaki. Leo nimelala kidogo baada ya kazi, nikaota natembea juu ya kitambaa kinachojikunjua chenyewe mbele yangu, mtaa baada ya mtaa, na watu wanatoka milangoni kutazama visigino vyangu.

Alhamisi, 19 Machi

Ile saa moja ni ya watu waliotengenezewa soli mbovu kutokana na miguu mibovu. Zangu zimetoka kwenye mguu mzima. Nimezivaa kutoka asubuhi.

Saa ya kwanza: nilihisi kama kuna jiwe la mviringo chini ya kila unyayo. Nikalikaribisha. Saa ya pili: mawe yamekua. Saa ya tatu niliona nyota mchana kweupe, nikamkatia mteja kola ya kumtosha kaka yake mkubwa. Mpiga pasi alinisogezea stuli. Nikakataa. Nikakaa juu ya jora la kitambaa, ambalo si stuli.

Nimerudi nyumbani viatu mkononi. Nimemwambia mke wangu nazipa soksi hewa.

Ijumaa, 20 Machi

Nimepiga moyo konde nikazivaa tena. Miguu inajifunza, na hakuna mwanafunzi anayefurahia wiki ya kwanza. Zamani ulikuwa unauma wa kulia. Sasa na wa kushoto umeanza kuelewa somo.

Mchana, juu ya lile jora, usingizi ulinichukua dakika mbili. Nikawa kule juu. Mzambarau unadondosha vijiua kwenye nywele za mke wangu, ananimiminia chai kutoka kwenye chupa, ananionyesha paa letu. Kifungo cha shati, kabisa. Nilikuwa nanyoosha mkono nikifunge. Tajiri akaniamsha kwa kukohoa.

Nimekaa nimefikiri. Nadharia haina kasoro. Mguu wa Bahasha hauna kasoro. Basi aliyekosea ni daktari. Kaziharibu wakati wa kutengeneza.

Siku tisa. Nilipofika mlangoni mke wangu alikuwa anasugua vumbi la viatu vyake vya kutembelea, vile vya Jumapili ya tarehe 29. Havina haja ya kusuguliwa. Niliona na nikapita.

Jumamosi, 21 Machi

Ukweli sasa. Nisipoweza kupanda, mke wangu hatakaa nyumbani siku hiyo. Ataniambia si kitu, mzee, tutapanda mwakani. Kisha atatoka, na Bahasha atakuwa nje ya uzio na suruali yangu.

Hilo silikubali. Kama mimi siwezi kupanda, basi na yeye asiweze.

Na silaha ninayo. Soli zilizoniumiza mimi, mkataji mwenye miaka hamsini na saba, zitamlaza kitandani mzee wa sitini na nane. Nimezifunga kwenye karatasi ya dukani nikampelekea. Nikasema ndizo zinazoambatana na suruali, seti moja. Alizipokea kwa mikono miwili, akanishika bega. Akasema katika miaka arobaini aliwapelekea watu vifurushi visivyo na idadi, na hiki ndicho cha kwanza chenye jina lake.

Moyo ulinigeuka kidogo. Nikauacha ugeuke, kisha ukatulia.

Jumapili, 22 Machi

Nimekaa dirishani tangu alfajiri na chai yangu, nikisubiri kuona mtu akichechemea.

Bahasha katoka. Akatua kwa kisigino. Kisigino, unyayo, vidole, kisigino, unyayo, vidole. Hagusi tena, anakanyaga kama askari siku ya gwaride. Mke wangu ilibidi akimbie kidogo kumfikia. Chai yangu nimeimwaga kwenye chungu cha maua.

Walirudi Bahasha anacheka peke yake. Akaja moja kwa moja mpaka sebuleni, akaukamata mkono wangu, hakuuachia. Akasema ana siri. Miaka sita miguu yake inawaka moto. Ilimwanza akiwa bado kazini. Ndiyo maana ya lile beseni. Ndiyo maana ya kutembea kwa vidole, kwa kuwa kisigino hakiwekeki chini. Hajawahi kumwambia mtu, maana mpeleka barua mwenye miguu mibovu ni kichekesho. Na leo, kwa soli za kaka yake, yaani mimi, haumwi popote. Akasema sasa hata tangini atafika. Sikumwelewa, maana si ndiko wanakotoka kila siku. Akasema pia kwamba kama Jumapili ijayo mimi sitaweza, nisiwe na wasiwasi, yeye atampeleka shemeji mpaka juu kabisa kwenye benchi.

Nikaitazama miguu yake.

Mke wangu alikuwa kwenye mlango wa jikoni. Bahasha akamsimulia yote: sponji, suruali inayoanzia kwenye unyayo, mawaziri. Alisimulia kwa furaha, hakuacha hata nukta. Mke wangu alisikiliza kama alivyokuwa akisikiliza wanafunzi waliochelewa.

Jirani alipoondoka, alikaa mbele yangu. Akauliza kama na yeye nilimchagua kwa kipimo cha mtu mwingine.

Niliona aibu. Sikuwa na uongo uliokuwa tayari, nikalazimika kusema kweli. Nikamwambia naogopa. Nimemsikiliza akinisimulia kile kilima miaka miwili, na naogopa siku ile moja aliyoniomba apande na mtu mwingine, kisha arudi anisimulie na hiyo.

Akasema daktari hufungua Jumatatu saa mbili.

Jumatatu, 23 Machi

Nimemweleza daktari kila kitu, pamoja na pedi za mabega. Alijifunika uso kwa faili. Mabega yalikuwa yanamtikisika. Nikangoja, nikasoma bango la mifupa ukutani.

Kisha akaleta boksi jipya, akanishika goti, akasukuma. Haya zangu zilikuwa zimekwisha. Alama ikatoka. Bapa kama sahani. Hakuna daraja, hakuna kitu. Ni mguu uliosimama kwenye saruji miaka ishirini na sita bila kulalamika mpaka juzi, na mimi nikauonea haya nikaenda kuuazimia sura. Nilitazama ile sponji mpaka macho yakanilowa kidogo. Ni vumbi lake, ina vumbi sana.

Akasema siku tisa. Nikamwambia kuhusu Jumapili, na benchi, na ile sentensi ambayo sikuimaliza. Akaacha kucheka. Akasema atazitengeneza kwa mkono wake, nije Jumamosi.

Jumamosi, 28 Machi

Ninazo. Kijani safari hii. Nimezivaa dakika tano pale pale kliniki. Nilitegemea kuelea. Sikuelea. Nilisimama tu kwenye sakafu, na sakafu haikuning'ata. Nilikuwa nimesahau kwamba sakafu huwa hivi.

Daktari akanikumbusha: kesho saa moja, isizidi. Nikaapa.

Kwa mwendo wangu, kupanda ni saa moja kamili. Kushuka sijakupigia hesabu. Mke wangu sijamwambia, kushuka ni jambo la baadaye.

Jumapili, 29 Machi

Tumetoka jua bado halijapata makali. Bahasha alikuwa langoni kwake ndani ya suruali, kachana nywele. Mke wangu akamwambia leo hapana, shemeji. Akajibu kwamba anajua, alitaka kutupungia tu. Alitupungia mpaka tulipokata kona.

Tulipanda polepole. Hatua, na nyingine, na kisigino kimya. Sikuongea, niliogopa kukiamsha. Katikati ya kilima, kwenye kona yenye ukuta mfupi, mke wangu alisimama akaweka kiganja juu ya ukuta. Rangi ya ukuta pale imelika, ni mahali panapowekwa kiganja kila siku. Akasimama kama mtu aliyefika. Kisha akavuta pumzi, akapita.

Toka hapo alitembea kama mgeni. Akajikwaa kwenye ngazi iliyovunjika. Akashangaa mtaro.

Tulipofika juu, tangi lilikuwepo, limepata kutu. Benchi hakuna. Imebaki miguu yake miwili ya saruji. Mzambarau hakuna, kuna kisiki kimeshakauka hata sisimizi wamekihama.

Nikamwuliza, si wiki iliyopita tu ulichanua?

Alicheka. Akacheka mpaka machozi, kisha yakabaki machozi peke yake. Akasema hajafika hapa miaka miwili. Bahasha alikuwa anaishia kwenye ule ukuta mfupi, akisingizia kuvuta pumzi. Naye hakutaka kupita pale bila mimi. Alisema huku juu ni pa wawili. Basi kila asubuhi akishuka, alikuwa ananipandisha kwa mdomo, pale jikoni, chai ikichemka. Paka, mzambarau, upepo, vyote alivitengeneza njiani akirudi. Alisema nilipokuwa nafumba macho alijua tumefika.

Nilianza sentensi, nikakwama katikati. Akaimalizia yeye.

Tukakaa, kila mmoja juu ya mguu wake wa benchi, tumeshikana mikono katikati pale ambapo ubao ulikuwepo. Upepo ulikuwa wa kweli. Uliingia kwenye mikono ya shati vilevile nilivyoujua. Nikamweleza kwamba saa yangu moja imekwisha. Akasema basi tukae.

Tulikaa mpaka jua likatushinda. Kabla hatujaondoka akaninyooshea kidole: paa letu lile, dogo kama kifungo, kumbe hakukosea. Nilitazama. Niliona ukungu mweupe, na chini yake ukungu mwingine. Nikasema naam, kifungo kabisa. Akanibana mkono kwa furaha.

Kushuka nimeshushwa, mkono wangu ukiwa begani kwake, tukipumzika kila lango. Kisigino kililalamika kidogo, kama mtu aliyeshiba. Ni siku nzuri kuliko zote tangu nianze daftari hili, na pengine hata kabla yake.

Jumatatu, 30 Machi

Nimezivaa saa mbili, kama nilivyoagizwa. Mimi sasa ni mtu anayefuata maelekezo.

Ila lile paa limeninyima raha. Sikuliona. Anataka twende kila Jumapili, na kila Jumapili atanyoosha kidole. Nimeshapata nafasi kwa daktari wa macho, Alhamisi. Nasikia wanakuonyesha herufi ukutani, unazisoma, na kutokana na ulivyosoma wanakutengenezea miwani.

Nimekaa nimefikiri. Wakitengeneza miwani kufuata macho mabovu, watapata nini? Jibu liko wazi. Yanatakiwa macho mazima. Macho, kwa mfano, yaliyosoma anwani miaka arobaini, kwenye mvua, kwa miandiko ya kila aina.

Nimeongea na Bahasha kwenye uzio. Amekubali kwenda kwa jina langu. Ameomba kitu kimoja tu, koti la kuambatana na suruali. Wakati tunapeana mikono, mke wangu alikuwa anaanika mashuka. Akamtazama yeye, akanitazama mimi, akaendelea kuanika.

Kijivu kimebaki cha kutosha, na kazi sitaianzia mbali. Mikono miwili ilishakatwa tangu tarehe 5.